Msaada nao upige hodi

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 nilikuwa nishasali Isha nimekaa ukumbini na bibi yangu, mara kabati la vyombo likaanza kutikisika, vikombe vinagongana, bibi akaushika mkeka kwa mikono miwili kama mtu alie ndani ya dau. Haikufika hata dakika. Baadae ndo tukasikia kuwa ni tetemeko la chini ya bahari, upande wa Mafia huko, ukubwa karibu 6, na kwamba Dar watu walitoka majumbani mbio. Bibi hakusubiri habari. Yeye kashasema zamani kuwa ng'ombe kaihamisha dunia kutoka pembe hii kaiweka pembe ya pili, ndivo walivoambiwa na wazee wao. Kisha akaniuliza suala ambalo mpaka leo ninalo kichwani: "Mjukuu wangu, na hii nyumba ingelituangukia, wangelikuja akina nani kututoa, na mie wangelinikuta sina hata mtandio kichwani?"

Kuna atakaesema huyu bibi anawaza mtandio wakati roho iko mashakani. Mie naona yeye ndie aliegusa penyewe. Maana hapo aliuliza mambo mawili kwa pamoja, nani atakuja na atanikuta katika hali gani, na nimefuatilia miaka hii matetemeko makubwa yaliyowapiga watu wa asili sehemu mbali mbali za dunia, nikaona msaada karibu kila mahali unafika, watu wana huruma jamani, lakini unafika bila ya kuuliza hayo mawili. Unaingia bila hodi. Hapa kwetu mtu hata akiwa kabeba gunia la mchele kichwani anasimama barazani, anapiga hodi mara tatu, asipojibiwa anarudi zake. Hatumwiti mchoyo wala mzembe kwa kusimama pale nje. Tunamwita mtu alielelewa.

Nianze na Nicobar maana ndio panaponiuma zaidi, na ndio panapofanana na sisi. Visiwa vya Bahari hii hii ya Hindi, minazi, samaki, madau. Tarehe 26 Desemba 2004 likapiga lile tetemeko la 9.1 upande wa Sumatra na bahari ikawafunika. Sasa Wanicobar hawaishi kama mume, mke na watoto wao watatu. Wana kitu kinaitwa tuhet, yaani ukoo mzima, ndugu na wake zao na wazee na wajukuu, ardhi ni ya tuhet, minazi ya tuhet, mtu peke yake hana hati ya shamba. Baada ya gharika serikali ya India ikawajengea mabanda ya bati kwa safu, wakakaa humo miaka kwenye joto la kisiwa, na fidia ilipotolewa ikaandikwa kwa kaya ndogo ndogo, mume mke na watoto, kila mmoja na chake. Pesa zilikuwa nyingi. Lakini fikiria tu kilichotokea, ndugu waliokuwa wakila sufuria moja wakaanza kuulizana wewe umepata ngapi, mzee aliekuwa akigawa kazi na mavuno hana tena cha kugawa, na nyumba za kudumu zilipokuja zilikuja na vifaa kutoka bara ambavo mwenyeji hawezi hata kuvitengeneza vikiharibika, ilhali nyumba zao za asili, zile za mviringo juu ya nguzo, walikuwa wakizijenga wenyewe. Tetemeko halikuivunja tuhet. Fomu ndo ilioivunja.

Na hapa nawaomba ndugu zangu wa Unguja na Pemba tujitazame. Fomu ina sehemu imeandikwa "mkuu wa kaya" na chini yake "idadi ya wategemezi". Haya, mwenye wake wawili, mmoja Konde mwengine Wete, huyo anaandikwa wapi? Mke wa pili kwenye fomu hio ni nani? Bibi anaelea wajukuu sita ambao wazee wao wako Dar wanatafuta maisha, yeye ni mkuu wa kaya au mtegemezi? Na kuna mmoja ambae sijawahi kumuona kwenye fomu yoyote ile, nae ni kizuka.

Hili nataka nikae nalo kidogo. Tetemeko likipiga, au bahari ikipanda, wanaume wakifa wengi siku moja basi siku hio hio mna vizuka wengi. Mwanamke aliefiwa na mumewe anakaa eda miezi 4 na siku 10, anajizuia, hatoki ovyo, hajipambi. Dini inampa ruhusa ya kutoka kwa dharura, hilo najua na masheikh wetu watalifafanua vizuri kuliko mie, lakini mila na haya ya mtu hazisomi ruhusa, mwanamke wa shamba aliefiwa juzi hawezi kwenda kupanga foleni juani kwenye uwanja wa mpira, baina ya wanaume asiowajua, aweke dole gumba apewe ndoo. Atakaa ndani. Ataletewa na jirani akikumbukwa. Nilishuhudia kitu cha namna hio masika moja ya mafuriko, sitaki kutaja wapi wala nani alieleta, msaada uligaiwa kwa siku mbili, mwenye kufika kapata, na mama mmoja alie eda hakupata kitu mpaka dada yake alipokuja kutoka mjini siku ya nne. Siku ya nne! Nyumba yake ilikuwa hatua mia kutoka palipogaiwa. Hakuna aliemkusudia ubaya, waliogawa walikuwa vijana wazuri, wamechoka, wamelowa. Ila hawakuwa na mtu wa kuwaambia "nyumba ile pale ndani mna kizuka". Na mtu wa kuwaambia alikuwepo, tena wengi, hawakuulizwa.

Siku hio hio watu walilazwa skuli, chumba kimoja cha darasa, wanaume na wanawake, hakuna hata shuka ya kukatia katikati. Wanawake wakalala na buibui zao. Wengine hawakwenda chooni usiku kucha.

Mashirika ya misaada yana mwongozo wao unaitwa Sphere, mwongozo mzuri wala sisemi kinyume, unasema mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku na mita za mraba 3.5 za kujihifadhi, na unasisitiza pia watu waulizwe. Lakini kwenye pilika pilika za maafa namba inashikwa na kuuliza kunaachwa, maana namba unaweza kuiripoti. Mita 3.5, sawa, ziko wapi? Nyumba yetu sisi, hata ya udongo na makuti, ina baraza mbele anapokaa mgeni mwanamme, ina uani nyuma mwanamke anapopika, anapofua, anapojisitiri na kuzungumza na wenzake. Hema lina mlango mmoja. Ukimpa mtu hema bila ya turubai la kuzungushia uani umempa mwanamke nyumba ambayo hana pa kukaa ndani yake. Tena hili tunalijua tangu enzi ya Mzee Karume, yalipojengwa majumba ya Michenzani na Ujerumani Mashariki wakasaidia, ilikuwa neema kubwa kwa watu waliokuwa wakiishi vibandani, na bado mama aliezoea uani akajikuta yuko ghorofani hana pa kuanikia wala pa kutwangia, ikabidi watu wenyewe wazitafutie nyumba zile namna ya kukaliwa kizanzibari. Kama jambo la amani lilokuwa na miaka ya kupangwa lilikuwa hivo, sembuse la dharura.

Taiwan kuna kabila dogo sana linaitwa Thao, kando ya ziwa linaloitwa Sun Moon Lake, wakati ule hawafiki hata watu 400. Tetemeko la tarehe 21 Septemba 1999 liliua watu zaidi ya 2,400 kisiwani, na nyumba nyingi za Thao zikaanguka. Watu wachache namna hio ukiwatawanya, mmoja umpe fleti huku mwengine kule, kabila limekwisha bila ya kufa mtu. Akaja fundi mkubwa wa majengo, Hsieh Ying-chun, akakaa nao pale pale, wakajenga wenyewe kwa mikono yao, chuma chepesi na mianzi, nyumba za karibu karibu, na wakajiwekea uwanja wa kufanyia ibada zao. Maana kila nyumba ya Thao ina kikapu chenye nguo za wazee waliopita, ndio heshima yao hio kwa waliotangulia. Mie Muislamu, hayo siyaamini na sina haja ya kuyaamini. Lakini nikiwa mimi ndie ninaepeleka msaada pale, kazi yangu ni kuuliza kikapu kitawekwa wapi, kama vile ninavyotaka yule asiekuwa Muislamu akija Micheweni aulize kibla kiko upande gani kabla hajachimba choo.

Chakula nacho. Watu wanadhani ukishapeleka kilo za kutosha basi. Mexico tarehe 7 Septemba 2017, tetemeko la 8.2, mji wa Juchitán na vijiji vyake, watu wa huko Wazapoteki. Wanawake wao wanaishi kwa kuoka totopo, mikate mikavu ya mahindi, kwenye tanuri za udongo, ndio biashara yao, ndio ada za watoto. Tanuri zikapasuka. Sasa unaweza kumletea mama yule makopo ya chakula miezi sita, au unaweza kumrejeshea tanuri. Kuna vikundi vilivyofanya hilo la pili, vikajenga tanuri upya pamoja na wanawake wenyewe, na mwanamke akaacha kuwa mpokeaji akarudi kuwa muuzaji. Mie nikisoma habari ile nilikuwa nawaza mbuzi ya kukunia nazi. Wallahi. Pemba yote hii, nazi ziko chini ya mnazi bure, mhogo uko shambani, majimbi yako bondeni, kilichozikwa na ukuta ni mbuzi, kifumbu na sufuria. Leta vitu hivo vitatu na kiberiti, kina mama watapika wao, watalisha na waliokuja kuokoa. Lakini sijawahi kuona orodha ya msaada ina mbuzi ya nazi, naona tambi za pakti na nyama ya kopo ambayo mtu anaigeuza geuza kutafuta kama imeandikwa halali, na hata ikiwa imeandikwa ni kwa lugha asioijua, mwisho anaiweka.

Na mitumba. Baada ya gharika ile ya 2004 kule Tamil Nadu, India bara, nguo kuukuu zilirundikana kando ya barabara, wavuvi hawakuzigusa. Mvuvi kapoteza boti, hakupoteza heshima. Doti moja ya kanga mpya inamvisha mwanamke, inamtandia, inambebea mtoto, na ikibidi inamfunikia maiti.

Nimetaja maiti, basi nilimalize na hilo. Haiti Januari 2010, baada ya tetemeko, watu walizikwa kwa malori huko Titanyen, makaburi ya pamoja, wengi bila majina, na moja ya sababu zinazosemwa kila maafa makubwa yakitokea ni kwamba maiti wataleta maradhi ya mlipuko. Shirika la Afya Duniani limeshaeleza mara nyingi kuwa mtu aliekufa kwa kuangukiwa na nyumba kwa kawaida haleti mlipuko, hatari kubwa iko kwa walio hai wasiokuwa na maji safi na vyoo. Kwa hivo haraka ile ya tingatinga mara nyingi haina msingi wa kitabibu, na inachokichukua hakirudi. Sisi tunajua. Septemba 10, 2011 ilipozama meli ya Spice Islander pale Nungwi, watu wa visiwa vyote viwili walikuwa kwenye uwanja wa Maisara mjini, wanapita baina ya miili kutafuta wao, wanafunua shuka, wanafunika. Uchungu ule haukuelezeka, lakini aliempata wake alimchukua akamkosha, akamkafini, akamsalia. Nendeni leo mkamuulize mtu ambae wake alipatikana, na yule ambae wake hakuonekana mpaka kesho, muone tofauti ya machozi yao baada ya miaka yote hii. Tena walioanza kuokoa usiku na asubuhi ile walikuwa wavuvi na wenye maboti ya pale pale, kabla ya mtu mwengine yeyote.

Ndo maana hoja ya kwamba "wakati wa maafa hakuna muda wa hodi" mie hainiingii. Masaa ya mwanzo anaechimba kifusi ni jirani, na jirani hapigi hodi kwa sababu keshajuulikana. Wanaokuja siku ya pili ya tatu ndo wageni, na hao muda wanao. New Zealand, tarehe 14 Novemba 2016, tetemeko la 7.8 liliukata mji wa Kaikōura, barabara zimefunikwa na milima, watalii kwa mamia wamekwama. Wamaori wa pale, wa kabila la Ngāi Tahu, wakafungua Takahanga, marae yao, ndo kama ukumbi wa mji na baraza la wazee kwa pamoja, magodoro yapo, masufuria makubwa yapo, watu waliozoea kupika shughuli wapo, wakalisha wenyeji na watalii maelfu ya sahani, hadi kamba wakubwa wa baharini wakawapikia. Wenyeji wa asili ndo walikuwa watoa msaada. Kilichokuwa na maana kutoka nje ni kuwaongezea kile kilichopungua. Nikiona hivo nasema hata sisi, mji wowote wa Unguja shamba au Pemba unaweza kupika biriani la watu 600 wa harusi kwa usiku mmoja, mapishi wanajuulikana, masufuria ya mji yanajuulikana yako kwa nani. Huo ndo mfumo wa maafa tayari, haujaitwa jina hilo tu.

Na ujuzi. Simeulue, kisiwa cha Indonesia, kilikuwa karibu kabisa na tetemeko la 2004, watu kama 78,000, waliokufa 7. Saba! Kwa sababu bahari iliwaua wazee wao mwaka 1907, na wazee wakawatungia wajukuu mashairi na hadithi za smong, ndo gharika ya bahari kwa lugha yao, ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Hakukuwa na king'ora. Kulikuwa na mabibi.

Sasa nisije nikaonekana naifanya mila kuwa kila kitu. Afghanistan, usiku wa tarehe 31 Agosti 2025, Kunar, tetemeko la 6.0 liliua zaidi ya watu 2,000, na zikaja taarifa za wanawake waliochelewa kutolewa chini ya kifusi kwa sababu waokoaji ni wanaume na wakaogopa kumgusa mwanamke asiekuwa maharimu yao. Hilo mie silitetei hata kidogo, uhai kwanza, na dini yetu yenyewe inasema dharura huhalalisha kilichokatazwa. Lakini dawa yake sio kusema mila ziondoke. Dawa ni wanawake waokoaji, wauguzi wanawake, wafunzwe leo. Bibi yangu kuwaza mtandio hakusema nisitolewe. Alisema nikitolewa awepo mtu mwenye kanga mkononi. Na vile vile naijua khatari ya kumuuliza mkubwa mmoja tu, sheha akaandika jamaa zake, au wazee wa barazani wakasemea wanawake ambao hawajawauliza. Hodi inapigwa na uani pia.

Lugha nayo tusiipuuze kwa kuwa sote ni Waswahili. Morocco Septemba 8, 2023, milima ya Atlas, karibu watu 3,000 walikufa, wengi vijiji vya Waamazighi, na mabibi wengi wa vijijini kule Kiarabu hawakijui vizuri, serikali ikatangaza dirham 140,000 kwa nyumba ilioanguka yote na 80,000 kwa ilioharibika, jambo la kheri, lakini mtu anahitaji aelezewe haki yake kwa lugha anayolia nayo. Nenda Makunduchi umsikilize mzee akizungumza Kikae na mwenzake, au Tumbatu, kisha jiulize kijana alietumwa na kishikwambi chake cha maswali atafahamu nini.

Tunayo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, tunayo sheria ya mwaka 2015, tuna masheha kila shehia. Nnachokitaka ni kitu kidogo na ni cha sasa hivi, si cha siku ardhi ikitikisika. Daftari moja kila shehia, lijazwe na watu wenyewe, wanaume kwa upande wao na wanawake kwa upande wao: nani anaosha maiti, masufuria ya mji yako wapi, visima gani havikauki, wazee wasioweza kutembea wako nyumba ipi, nani yuko eda mwezi huu, wanawake wangependa walale wapi skuli ikigeuzwa kambi. Nakala ibaki kwa sheha, nakala iende Kamisheni, na mgeni yeyote anaekuja na boti ya msaada asomewe kwanza daftari hilo ndo ashushe mizigo.

Nilianza kuuliza uliza kwetu wiki iliopita. Waosha maiti wanawake ni wanne, wawili wameshapindukia miaka 70, mmoja macho hayaoni vizuri, na wa nne anahamia mjini kwa mwanawe baada ya mfungo. Sheha mwenyewe alikuwa anajua wawili.